Saa moja kwa dunia nzima? Muulize mama mwenye dawa ya mtoto

Leo tuongee kuhusu saa.

Kuna wanaotaka kanda za saa zifutwe, dunia nzima ifuate saa moja. Maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, Steve Hanke na Richard Conn Henry, wametetea hoja hiyo. Yaani kwako ikisoma 05:00, London na Tokyo nako 05:00. Marubani tayari wanatumia saa moja.

Kwenye ndege sawa. Kwenye nyumba yenye mtoto, mimi nasema hapana.

Sisi waongeaji wa Kiswahili tunajua kuishi na saa mbili. Wodini ratiba ya dawa inaandikwa 08:00 na 20:00. Wewe unasema saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa sababu yetu inahesabu kuanzia jua linapochomoza. Tofauti ni saa sita, na kichwa kinatafsiri chenyewe. Ila mama ambaye hajalala siku tatu, kichwa kinagoma. Anaambiwa saa mbili usiku, anaweka alamu ya simu 2:00. Inalia saa nane usiku! Tangu dozi ya asubuhi zimepita saa 18 badala ya 12. Kwa mtoto mwenye nimonia, hilo si dogo.

Sasa angalia: mama huyo hajavuka mpaka wowote. Kilichomchanganya ni namba isiyoendana na jua analoliona. Saa moja ya dunia ingemletea kila mtu shida hiyo. Tukifuata saa ya Greenwich, Dar es Salaam jua lingechomoza saa inasoma 03:00 na kitu, na tarehe ingebadilika saa tisa usiku. Mtoto aliyezaliwa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne angeandikiwa Jumatatu. Fiji ndiyo kabisa, tarehe ingebadilika saa sita mchana.

China wamejaribu kwa sehemu. Tangu 1949 nchi nzima inafuata saa ya Beijing. Kule Kashgar, magharibi kabisa, kipupwe saa inasoma 10:00 na jua bado. Wenyeji wengi wakajiwekea saa yao, saa mbili nyuma ya Beijing. Saa ilifutwa kwenye karatasi, watu wakairudisha wenyewe. Mwili unafuata mwanga. Hata kichanga anajifunza usiku na mchana kwa mwanga, si kwa namba.

Kwa hiyo, mama, wakati dunia inabishana, fanya haya:

1. Ukipewa dawa, uliza: "Nesi, ni kila baada ya saa ngapi?" Hesabu za katikati ya dozi hazibadiliki kwa saa yoyote.
2. Andika zote mbili kwenye boksi: saa 2 usiku = 20:00.
3. Ukiweka alamu, soma tena kioo cha simu kabla hujalala.
4. Dozi ikipitiliza, usiongeze maradufu. Piga simu au rudi kituoni uulize.

Na ukiuliza mara mbili, hakuna nesi mwenye akili atakayekucheka. Sisi wenyewe tunaulizana kila zamu.

Mtumie na bibi anayebaki na mtoto.