Jina la Pili Katika Diwani

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili humtaja Ahmad Nassir Juma Bhalo kwa fahari kila izungumzwapo Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Ni haki yake. Si wengi, hata hivyo, wanaododosa jina la pili lililomo kitabuni humo: Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, aliyeihariri.

Mhariri wa zama zile alikuwa na mamlaka makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Kiunguja kilikuwa kimeteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia usanifishaji huo vitabuni. Kwa msomi mwenye kalamu, kuzinyoosha tungo za Kimvita lilikuwa jambo jepesi. Mshairi wa Mvita asemapo “mato”, mhariri angeandika “macho”. Asemapo “ndoo”, angeandika “njoo”. Mizani isingepungua hata mmoja. Vina ndivyo ambavyo vingelia, kwani “mato” hupatana na “moto” na “mtoto”, ilhali “macho” hubaki mgeni katika ubeti huo. Na uharibifu wote huo ungeitwa masahihisho!

Diwani ilitoka ingali na Kimvita chake. Elimu aliyokuwa nayo, Chiraghdin aliielekeza kwa msomaji: alimwandalia utangulizi wa kumfungulia kanuni za utunzi, ili mtu wa bara asiyewahi kukanyaga Mombasa naye apate pa kuingilia.

Huenda mtu akadai kwamba mwalimu huyo alikuwa akiitetea lahaja ya kwao tu. Dai hilo lina ukweli kiasi, ila halielezi ni kwa nini baadaye alimhariri pia Mwinyihatibu Mohamed, malenga wa Mrima, ambako hakukuwa kwao.

Mamlaka ya namna hiyo hayajatoweka. Mwanafunzi wa uzamili akabidhiwapo rundo la insha asahihishe, au mhariri wa jarida la chama apokeapo shairi la kijana kutoka Lamu, huwa na kalamu nyekundu mkononi, na aliye upande wa pili huwa hana. Kijana huyo akirudishiwa “mato” yake yamekatwa bila maelezo, yumkini hataleta shairi jingine. Kumwuliza maana ya neno kabla ya kulikata huchukua dakika mbili.

Chiraghdin alifariki mwaka 1976. Mwaka uliofuata vilitoka vitabu viwili alivyovitolea jasho. Historia ya Kiswahili ilibeba jina lake pamoja na la Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyekuwa ameaga dunia tangu mwaka 1969. Hapana hata mmoja kati yao aliyeishika mkononi. Malenga wa Mrima nayo ilitoka kwa jina la Mwinyihatibu Mohamed, kama ilivyostahili.