Enterprise ni rangi gani hasa?

Jioni za wiki chache zilizopita nimeacha kuandika programu nikazama kwenye swali linaloonekana la kitoto: chombo cha anga cha Enterprise, kile cha Star Trek ya kwanza iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, kilipakwa rangi gani?

Uliza watu kumi hapa Umoja walioitazama. Wako watakaosema nyeupe, wengine kijivu, na hutakosa wa kuapa ni samawati. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye Greatwall ya inchi 14, isiyo na rangi kabisa, kwa hiyo sikuwa na upande wa kutetea.

Swali limenifika shingoni kwa sababu nina seti ya modeli yake, ile ya Polar Lights iliyotoka mwaka 2012, ya kipimo cha 1/350. Ukimaliza kuiunga inazidi kidogo sentimita 80. Ilikuja ndani ya sanduku la jamaa aliyekuwa akirudi nyumbani, na sioni nyingine ikija karibuni. Rangi ikikataa unaweza kuibandua kwa kemikali, lakini kila ukibandua unakula alama ndogondogo za plastiki. Kwa hiyo ni vizuri kujua kabla ya kupuliza.

Mtu wa kompyuta hukimbilia kompyuta. Nilichukua picha kadhaa za chombo kutoka kwenye vipindi, nikaandika programu fupi ya kukata eneo la sahani ya juu na kutoa wastani wa pikseli. Kila picha ikaja na jibu lake. Moja inavuta buluu, nyingine kijani, nyingine ni kijivu kama majivu ya jiko. Programu haikuwa na hitilafu. Ilipima sawasawa kile kilichokuwa ndani ya picha, na kilichokuwa ndani ya picha si rangi ya chombo.

Wacha nieleze. Modeli ya studio ilipigwa picha mbele ya pazia la buluu ili baadaye nyota ziwekwe nyuma yake. Pazia kubwa namna hiyo hurusha buluu yake kwenye kitu cheupe au cha kijivu kilicho karibu. Halafu filamu ilichapwa juu ya filamu nyingine mara kadhaa kuunganisha nyota, sayari na chombo, na kila hatua ilivuta rangi kidogo huku au kule. Baada ya hapo ziongeze kanda za video, televisheni, na skrini yako mwenyewe.

Na kuna mtego mwingine. Kuanzia mwaka 2006 vipindi vile vilitolewa upya, na picha za angani zikatengenezwa upya kwa kompyuta. Ukipima pikseli za toleo hilo, unapima rangi aliyochagua mtu mwenye kompyuta, zaidi ya miaka 40 baada ya brashi ya kwanza.

Sasa, anayetengeneza modeli ya ndege ya vita ana ndege halisi ya kuiendea. Enterprise haijawahi kuruka popote. Kitu halisi ni modeli yenyewe: mbao, plastiki na mabati, urefu wa futi 11 hivi, iliyochorwa na Matt Jefferies na kujengwa mwaka 1964. Paramount iliitoa kwa makumbusho ya Smithsonian kule Washington mwaka 1974. Hapo ndipo ushahidi ulipo.

Lakini hata ushahidi huo umepakwa juu. Modeli ilifanyiwa marekebisho mwaka 1974, 1984 na 1991, na rangi mpya zikaja nayo. Bahati nzuri sehemu ya juu ya sahani iliachwa na rangi yake ya miaka ya sitini. Makumbusho yalipoanza kazi kubwa ya kuirejesha, iliyokamilika mwaka 2016, wataalamu waliipiga eksirei kuona ilivyoundwa ndani, wakachunguza tabaka za rangi, na mwaka 2015 wakaomba umma picha za zamani za modeli. Ile sahani ya juu ilisafishwa bila kupakwa upya, na sehemu nyingine zikapakwa kuifuata. Mistari ya sahani ilikuwa ya penseli tu! Rangi yenyewe ni kijivu hafifu. Nyeupe tunayoikumbuka ni kazi ya taa kali na anga jeusi nyuma yake.

Haya, tumepata kijivu. Kijivu kipi? Hapa ndipo nilipobeba kadi zangu za majaribio hadi Kariobangi Light Industries, kwa fundi anayepaka matatu. Nilikuwa nimechanganya vijivu viwili tofauti usiku chini ya taa ya LED, na kwa macho yangu vilikuwa kitu kimoja. Fundi alizitazama kadi kama sekunde mbili, kisha akasema:

"Boss, hizi si moja. Toa nje kwa jua. Hiyo taa ya nyumba inakudanganya."

Tukatoka. Juani kadi moja ilikuwa na uzambarau wa mbali, nyingine ilikuwa safi. Yeye haiiti jambo hilo jina lolote. Anajua tu kwamba mlango ukipakwa usiku ndani ya gereji utamtoa aibu asubuhi.

Kwa msomaji wa kompyuta, maelezo ni haya. Mwanga unaotoka kwenye rangi una mawimbi mengi, lakini jicho huyafupisha kuwa namba tatu hivi, na kamera vilevile. Ni kama kuchukua faili kubwa na kubaki na alama fupi ya kuitambulisha. Faili mbili tofauti zinaweza kutoa alama ileile. Badilisha taa, na zile rangi mbili zilizokuwa mapacha zinaachana. Rangi zikifanana chini ya taa moja, ujue ni jaribio moja tu limepita. Bado kuna jua, kivuli, taa ya njano na taa ya LED.

Mfano uko barabarani kila siku. Sheria za Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, kila matatu ilitakiwa iwe na mstari wa manjano. Neno moja, "manjano". Simama Outering Road dakika tano uhesabu manjano ngapi zinapita: ya ndimu, ya embe, ya haradali, na ile iliyochoshwa na jua hadi inakaribia maziwa. Au tazama paa za Buruburu: sote tunasema vigae vyekundu, lakini kigae kilichobadilishwa juzi kinaonekana kutoka mbali kama kiraka. Jina la rangi halitoshi.

Hivi ndivyo nilivyofanya mwishowe, labda itakusaidia:

1. Kwa kipimo cha weupe nilitumia ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, nikaizungusha mara nyingi hadi isipitishe mwanga. Imetengenezwa kwa PTFE, na hurudisha mwanga wa rangi zote karibu sawasawa. Iweke kando ya kadi kwenye kila picha, kisha sahihisha picha hadi tepu isiegemee rangi yoyote. Zima kwanza marekebisho ya rangi ya simu yanayojiendesha.

2. Nilichanganya kwa uzito, si kwa macho, kwa mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu. Nyeupe na nyeusi peke yake hutoa kijivu kinachovuta buluu. Kwa kila gramu 50 za nyeupe niliweka nusu gramu ya nyeusi, na manjano ya udongo gramu moja kuirudisha katikati. Rangi zako zikiwa za kampuni nyingine, anza hapo kisha urekebishe.

3. Acha ikauke kabisa kabla ya kuhukumu. Rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo. Na isiyong'aa huonekana nyeupe zaidi kuliko ileile ikipakwa vanishi ya kung'aa.

4. Pima saa nne asubuhi kivulini, kisha juani, kisha chini ya taa ya mahali modeli itakapokaa.

5. Ukitumia rangi ya magari ya kuchanganya na kigumishi, usipulize chumbani. Kigumishi chake kina kemikali zinazoharibu mapafu, na kitambaa puani hakizizuii. Fundi wangu anakohoa. Mimi nilitumia rangi ya maji.

Sasa chombo kipo juu ya rafu, na wageni huuliza kwa nini sijakimalizia na nyeupe. Nilifikiria kuongeza weupe kidogo ili kifanane na kumbukumbu zao. Nikaacha. Ningefuata kumbukumbu, ningefuata ya nani? Badala yake nimeweka taa moja kali upande wa kulia na karatasi nyeusi nyuma. Ukiiwasha, kijivu chote kinakuwa cheupe mbele ya macho yako, kama kwenye televisheni. Ukiizima, kinarudi.

Kwa hiyo mtu akikuambia rangi fulani ni sahihi, muulize swali moja tu: aliiona chini ya taa gani? Na ukiandika mchanganyiko wako kwenye daftari, andika na taa.