Likizo ya Juni Bila Kukopa

Akina mama wenzetu, likitajwa neno likizo, wengi wetu huku mlimani tunafikiria Desemba. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na hata Nairobi, mbuzi wanachinjwa, na mama mwenye nyumba anashinda jikoni tangu alfajiri. Ni furaha kubwa wala hatutaki ikome. Lakini mama hapumziki, na Januari ikiingia tunatafuta sare, madaftari na michango ya shule huku bado tunalipa madeni ya sikukuu. Ndiyo maana sisi hapa Mwika tumechagua mapumziko ya familia yetu yawe Juni, shule zinapofungwa na nyumba haijajaa wageni.

Mara hii jambo lenyewe lilikuwa na uzito. Binti yetu wa kwanza alichaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni katika mkoa wa mbali, na alitakiwa kuripoti Julai. Alihitaji godoro, sanduku, ndoo, sare na nauli. Baba watoto akauliza swali la haki kabisa: "Mama, fedha za kutembea zitatoka wapi na godoro halijanunuliwa?" Bibi, mama mkwe, ndiye aliyemjibu. "Akishaondoka huyu, mtamtembeza nani?"

Fedha zilikuwa kwenye kibubu. Tangu wiki ya kwanza ya Februari tulikuwa tunaweka shilingi 5,000 kila wiki, nyingine za mayai, nyingine za ndizi, nyingine kutoka mshahara. Wiki 18 zilitupatia shilingi 90,000. Mahitaji ya shule yalikuwa na fungu lake, nalo hatukuligusa. Vikundi vya vicoba vinatusaidia sana sisi wanawake, lakini kukopa kwenye kikundi ili ukatembee hatukubaliani nako. Mkopo unapaswa kuzaa.

Kazi iliyotuchosha zaidi ilikuwa kupanga zamu. Hospitalini huwezi kuamka tu na kusema leo siji. Siku tatu za mapumziko baada ya zamu za usiku ziliombwa mapema. Nyumbani nako kuna ng'ombe wa ndani, na ng'ombe hana likizo. Vijana wetu wawili walikata majani ya siku mbili na kuyarundika, na jirani akakubali kukamua, kwa makubaliano kwamba wiki inayofuata tutamkamulia wa kwake. Yote yaliandikwa kwenye daftari: nani anabeba maji, nani anachemsha mayai, nani anafua baada ya safari. Mama akienda kutembea huku vyombo vya siku tatu vinamngoja, hajatembea huyo.

Siku ya kwanza tulikwenda Marangu, sote saba, kwa gari la abiria. Kila mwaka wageni wa Ulaya na Marekani hupita hapo kwenda mlimani, na watoto wetu wamezoea kuwapungia mkono barabarani tu. Maporomoko ya Kinukamori hayako mbali na Marangu Mtoni. Unatembea kwa miguu, unalipa kiingilio, unakaa kwenye majani na chakula chako. Tulibeba chapati, mayai, ndizi mbivu na chai kwenye chupa. Juni ni baridi huku, kwa hiyo sweta ni lazima.

Pale husimuliwa hadithi ya Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Kwa kuogopa adhabu alikwenda kujitupa kwenye maporomoko, akatazama chini, moyo ukabadilika, akageuka arudi nyumbani. Akakutana na chui, akashtuka, akaanguka. Bibi aliisimulia polepole huku watoto wadogo wakirusha mawe mtoni. Tulipoanza kurudi barabarani, binti yetu alibaki nyuma pamoja na mama yake, akauliza: "Kwa nini hakumwambia mama yake?" Hapo ndipo mazungumzo yalipofunguka, juu ya wavulana, juu ya walimu wasio na adabu, juu ya mahali pa kukimbilia mtu akiwa bwenini peke yake. Tulimweleza pia kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, si ili azembee, bali ajue kwamba hakuna jambo la kumfanya aogope kurudi nyumbani. Maneno haya wauguzi tunayasema kila siku kwa mabinti wa watu. Jikoni, bibi akisikiliza na maziwa yakichemka, ni magumu. Njiani, watu wawili wakitazama mbele, yanatoka.

Siku ya pili tulishuka kwenye joto, Ziwa Chala. Tuligawana gharama za kukodi Noah na familia ya jirani, tukapitia Himo kuelekea Holili, kisha njia ya vumbi. Ziwa hili limo ndani ya shimo la volkano, kingo zake ni ndefu na kali, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Hakuna mto unaoonekana kuingia. Maji yake hutoka chini ya ardhi, ni mvua ya Kilimanjaro hii hii inayonyesha kwenye vihamba vyetu. Vijana hawakuamini mpaka baba yao alipowachorea mchangani.

Hatukuruhusu mtu kuogelea. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba katika ziwa hilo, upande wa Kenya, na mtu asikuambie kwamba hayo ni ya zamani. Kuteremka kingo ni kazi ya watu wazima wenye magoti mazima. Bibi na mtoto wa mwisho walibaki juu kivulini na wakafurahi vilevile.

Jambo jingine la kiuguzi. Sisi wa juu hatujazoea malaria kama watu wa tambarare, na watoto wetu wakiumwa huzidiwa haraka. Mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo tulianza kupanda jua halijazama. Anayelala chini achukue chandarua. Mtoto akipata homa ndani ya wiki nne baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe na mseme wazi alikotembea. Msimnunulie dawa dukani kwa kukisia. Tena msiwaache waoge kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, kwani kuna kichocho.

Siku ya tatu hatukwenda popote. Mama alilala hadi saa tatu asubuhi, jambo ambalo halijaonekana nyumbani kwetu kwa miaka. Baba na vijana walipika mtori. Ulikuwa mzito mno na chumvi imezidi, lakini uliliwa wote.

Wenye uwezo zaidi wanaweza kupita lango la Marangu na kupanda siku moja hadi Mandara, kiasi cha mita 2,700, katikati ya msitu wenye mbega. Ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Chukueni vitambulisho, na ulizeni kwanza getini kuhusu ada na mwongozaji. Mtoto akiumwa kichwa au kutapika huko juu, shukeni naye mara moja. Sisi tumeiweka ya mwaka ujao, binti akirudi likizo.

Jioni hiyo tulifanya hesabu. Marangu ilichukua shilingi 24,500, Chala 50,000, chakula cha kuongeza 8,000. Kwenye kibubu zilibaki shilingi 7,500. Bibi akasema zinunue kufuli la sanduku.