Cheche Nisiyoihisi

Ilikuwa Januari mwaka wa 2006, kaskazi ikivuma, nami niko likizoni Malindi. Tarakilishi yangu ya mezani ilikuwa ikijikokota, nikaazimia kuiongezea kumbukumbu. Chamani nilikuwa bingwa wa kubishana iwapo chombo hiki kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, kukifungua, sikuwahi.

Mjomba alinipa nafasi ofisini mwake, chumba chenye zulia na kiyoyozi. Nilikuwa nimevaa soksi na shati la nailoni. Nikachomoa waya, nikafungua ubavu wa kasha, nikaitoa diski kuu iliyonizuia kupenyeza mkono. Niliishika kwa upande wa bodi yake ya saketi, nikailaza juu ya mfuko wa plastiki. Sikuhisi lolote.

Hapo ndipo penye hila ya umemetuli. Mtu hutembea zuliani, nyayo zikasuguana nalo, mwili ukajilimbikizia chaji. Akigusa chombo, chaji hukimbilia huko. Aghalabu binadamu hahisi mshtuko mpaka volti zifikie takriban 3,000, ilhali baadhi ya vijenzi vya kielektroniki huharibiwa na volti zisizotimia 100. Tena si lazima kijenzi kife papo hapo. Huweza kujeruhiwa, kikaendelea na kazi, kisha kikazimika baadaye pasipo mtu kukumbuka siku ya jeraha.

Fundi mmoja wa mjini alinicheka nilipomsimulia. Hewa ya pwani, alisema, ina unyevu, nao unyevu huisambaza chaji. Adui wa mashine huku kwetu ni kutu ya chumvi. Waama, barazani maneno yake ni kweli. Lakini kiyoyozi hukausha hewa, na ofisi ya mjomba haikuwa baraza.

Diski ilifanya kazi majuma matatu, kisha ikanyamaza. Ndani yake mlikuwa na ngano tatu za hawe, nilizomrekodi nyumbani kwake Ganze kwa kinasasauti. Nilikuwa nimekwisha kuzihamishia tarakilishini, na kanda nikampa binamu yangu, naye akarekodia taarab juu yake. Hawe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Fundi alithibitisha kwamba bodi ya saketi ndiyo iliyokufa. Iwapo iliuawa na kidole changu, na kutu au na umri, hakuweza kusema, wala mimi siwezi hadi leo.

Siku hizi, kabla ya kugusa chochote ndani ya kasha, hushika kwanza chuma chake kisichopakwa rangi, na hurudia kila mara. Kadi huzishika kingoni. Ninao hata ukanda wa kufunga kifundoni mwa mkono, unaoipitisha chaji polepole hadi kwenye kasha.

Katika daftari ninayo ngano moja tu, niliyoinukuu kwa mkono kabla ya diski kufa. Mahali hawe alipocheka, nimeandika kwenye mabano: anacheka.