Programu Imekataa Kuingia

Tangu nianze kufanya kazi na vijana hapa Nakivale, sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mwalimu, programu imekataa kuingia." Mimi si mwalimu, nilimaliza S6 tu. Lakini huku ukishajua kompyuta kidogo kuliko jirani yako, basi jina la mwalimu limekupata. Wanakuja na laptopu za kila aina: za mitumba kutoka madukani Mbarara, zilizoletwa na mashirika, hata zilizosafiri kwenye begi tangu Bukavu.

Mwezi mmoja alikuja dada wa upande wa New Congo. Anajua Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na Kiingereza, na alikuwa amepata jaribio la kazi ya kutafsiri kwa intaneti. Jaribio lilikuwa Ijumaa, na yeye alikuja Jumatano. Hao watu walimwambia aweke kwenye kompyuta programu yao ya mawasiliano, watamuita humo. Alikuwa amemaliza bando lote kushusha faili ya setapu, akaibonyeza, kikatokea kidirisha kinachotaja KERNEL32.dll, basi. Akaniuliza kama laptopu imekufa.

Laptopu ilikuwa nzima. Shida ni namna programu za siku hizi zinavyotengenezwa. Nyingi kati yake, kama Slack, Discord, Signal na hata Scratch tunayofundishia watoto, ndani yake ni ukurasa wa wavuti uliovalishwa nguo za programu. Nguo hiyo inaitwa Electron. Ilianzia GitHub mwaka 2013, wakati huo ikiitwa Atom Shell, na inabeba ndani yake Chromium nzima, yaani kivinjari kizima. Ndiyo maana programu ya kutumiana ujumbe tu inakula megabaiti mia na zaidi za bando lako. Na kivinjari hicho kikiacha kukubali Windows ya zamani, kila programu iliyojengwa juu yake inafuata. Kuanzia Electron 23, ya mwaka 2023, Windows 7, 8 na 8.1 ziliachwa nje. Laptopu ya dada ilikuwa na Windows 7. Setapu inatafuta ndani ya KERNEL32 kitu ambacho Windows 7 haina, inakikosa, inakufa. Haisemi "Windows yako ni ya zamani". Inatoa maneno ya ajabu, na mtu wa bando la mkopo anabaki anajilaumu.

Hiyo inaniudhi, nisifiche.

Lakini si kila kukataa ni kwa Windows. Huku kwetu sababu kubwa ni faili ambayo haikufika yote. Mtandao unakatika, kivinjari kinasema imekwisha, kumbe imefika nusu. Ukiifungua inasema setapu imeharibika, ishushe upya. Watu wanadhani ni virusi. Mimi kwanza naangalia ukubwa wa faili, nalinganisha na ile iliyokubali kwenye kompyuta nyingine. Nikitaka uhakika naandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, na kompyuta inatoa msururu mrefu wa herufi na namba. Misururu miwili ikifanana, faili ni moja. Ikiachana hata kwa herufi moja, usipoteze muda wako. Nakala nzuri naiweka kwenye flashi, inazunguka kutoka Base Camp hadi Rubondo bila kula bando la mtu.

Halafu kuna setapu ndogo za ujanja. Unaona megabaiti moja, unafurahi, kumbe ni mlango tu, mzigo wenyewe inaushusha kutoka intaneti ukishaibonyeza. Kwa mtu wa Kampala sawa. Kwa chumba chetu cha sola na modemu moja, hapana. Kabla ya kushusha tafuta kama wanatoa setapu kamili, ile ya kuinstoli bila intaneti.

Na tarehe! Laptopu nyingi za mitumba kile kibetri cha mviringo cha ndani, CR2032, kimekwisha. Ukizima, saa inarudi mwaka 2009. Ukiwasha, tovuti zote zenye kufuli zinakataa, kwa sababu kompyuta inaona cheti cha usalama ni cha miaka ya mbele, bado hakijaanza. Setapu ya kushusha mzigo nayo inashindwa, na haitaji tarehe hata kidogo. Kurekebisha saa ni bure. Kibetri utakipata Mbarara kwa mafundi wa saa, ukienda kwa shughuli nyingine. Usipande taksi kilomita 60 kwa ajili yake peke yake.

Jambo lililotusumbua zaidi katika chumba cha kompyuta cha vijana ni akaunti. Mtu wa kujitolea aliinstoli programu vizuri, akaijaribu, akaenda. Kesho yake watoto wanaingia kwa akaunti yao, hakuna kitu. Wakaanza kusema yule mtu alidanganya. Hakudanganya. Setapu nyingi za namna hii hazikuulizi foleda. Zinaweka programu ndani ya AppData, kwenye nyumba ya mtumiaji aliyebonyeza, na mtumiaji mwingine haioni. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi haihitaji neno la siri la adimini. Ubaya wake, akaunti 6 ni nakala 6, na zile laptopu ndogo za diski ya gigabaiti 32 zinajaa kabla hujamaliza. Wengine wanatoa setapu ya MSI inayowekea kompyuta nzima, Slack wanayo, lakini hiyo inadai adimini.

Hapo ndugu zetu wa mashirika mnisikilize kidogo. Mnaleta laptopu, tunashukuru kabisa. Lakini neno la siri la adimini liko kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake umekwisha na sasa yuko nchi nyingine. Liandikeni kwenye karatasi, liachwe kwa kamati. Na mkileta mashine, ulizeni Windows gani. Hata Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kinachozipata laptopu za Windows 7 leo, zamu ya nyingine inakuja.

Kuhusu lile onyo la bluu linalosema Windows imeilinda kompyuta yako: maana yake mara nyingi ni kwamba mtengenezaji hajaweka sahihi, au faili bado haijulikani sana. Unaweza kubonyeza "More info" kisha "Run anyway". Mimi nakubali hivyo kwa faili iliyotoka kwa wenyewe tu. Kwa faili ya flashi iliyopita mikono kumi, sikubali, hata mtu akasirike.

Turudi kwa dada. Kuweka Windows mpya kwenye ile laptopu yenye RAM ya gigabaiti 2, kwa siku mbili na umeme wa kubahatisha, niliona ni hatari. Nikafikiri: kama programu ni ukurasa wa wavuti uliovalishwa nguo, tuivue nguo. Firefox 115, ile ya ESR, bado inakubali Windows 7, na setapu yake kamili nilikuwa nayo kwenye flashi. Ikaingia mara moja. Akafungua anwani ya ile huduma ndani ya kivinjari, akaandika jina lake, mazungumzo yakatokea yote, na ujumbe wa watu wale ukimngoja tangu Jumatatu.

"Yaya, kumbe ilikuwa hapa tu?" akaniuliza.

Ijumaa alifanya jaribio, saa mbili na nusu, kwenye betri ya sola ya jirani yake. Majibu walisema yatachukua wiki tatu. Bado anangoja, na Jumamosi huwa anakuja kunisaidia kurekebisha saa za laptopu.