Kambi Kando ya Mji wa Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ulizaliwa pamoja na reli. Treni ya kwanza ilifika mwaka 1910. Mwaka 1928 reli ikaunganisha Katanga na Kasai hadi Ilebo, nao Waluba wa Kasai wakazidi kuja kutafuta kazi. Wakawa makarani, mafundi na walimu. Watoto wao wakazaliwa papa hapa.

Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, na Waluba wakahesabiwa kuwa maadui. Mwishoni mwa Agosti 1961 wakaanza kukimbia. Hawakuvuka mto wala mpaka. Walitoka katika mitaa yao wenyewe, vyombo kichwani, wakajikusanya kando ya mji, karibu na kambi ya Waswidi, askari wa Umoja wa Mataifa. Baada ya majuma machache walikuwa yapata 35,000, na hesabu ikazidi kupanda. Ni jambo la ajabu, mtu kuwa mkimbizi huku akiliona bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha mji wake!

Askari waliojifunza kulinda njia sasa walitakiwa kuleta maji, kugawa unga na kuchimba vyoo, hali Septemba na tena Desemba vita vilipiganwa mjini. Unga hutuliza njaa; lakini mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa ugali mtupu siku zote, huvimba miguu na uso, nywele zake zikabadilika rangi. Huyo ataka maziwa, samaki na maharagwe. Tena mvua za Katanga zikishika, choo na kisima vilivyokaribiana huwa kitu kimoja.

Mambo hayo hayo yamewapata Warohingya, zaidi ya 700,000, walioikimbia Myanmar tangu Agosti 2017 na kubanana vilimani huko Cox's Bazar, Bangladesh, katika vibanda vya mianzi na turubai. Kabla mwaka haujaisha, ugonjwa wa dondakoo ulizuka kati yao.

Katikati ya mwaka 1962 wakimbizi wa Lubumbashi walisafirishwa kwa treni na ndege hadi Kasai, nchi ambayo watoto wengi hawakuwa wameiona kamwe. Wengine walirudi Katanga baadaye. Kisha, mwaka 1992 na 1993, Wakasai walifukuzwa tena, hasa Likasi na Kolwezi. Maelfu wakakaa vituoni kwa miezi wakiingoja treni. Wakapika, wakazaa na kuwalilia wafu wao kando ya reli ile ile iliyowaleta baba zao kazini.