Amri na Ukomo Wake

Sisi tunaofundisha siasa tumezoea kuyapima madaraka kwa wingi wa amri. Tunauliza nani ameagiza na nani ametii. Ni nadra kuuliza amri itakoma lini, na ni nani mwenye jukumu la kuifuta. Swali hilo nimekutana nalo upya katika maandishi ya wanabiolojia kuhusu bakteria aitwaye Staphylococcus aureus.

Nilianza kuyasoma baada ya mdogo wangu kulazwa kwa jipu lililoanza kama chunusi shingoni. Nilistaajabu kujua kwamba bakteria huyo huishi bila kudhuru puani mwa takribani mtu mmoja kati ya watatu. Kumbe kiumbe ni yule yule. Kinachobadilika ni maagizo anayoyafuata.

Maagizo hayo hubebwa na RNA, yaani nakala za muda zinazotolewa kwenye jeni na kusomwa na mitambo ya seli inayounda protini. Kuwapo kwa nakala hizo kulithibitishwa mwaka 1961 na watafiti wakiwamo François Jacob, Sydney Brenner na Matthew Meselson. Katika bakteria, nyingi hudumu dakika chache tu, kisha vimeng'enya huzikatakata.

Ukatili wa ugonjwa hutegemea sana ukataji huo. Bakteria hao wanapokuwa wachache, huunda protini A, ambayo hushika kingamwili zetu upande usiofaa na kuzipumbaza. Wanapoongezeka, hutambuana kwa kemikali wanazozitoa, na kuzalisha RNA maalumu iitwayo RNAIII. Hiyo hujishikiza kwenye nakala ya protini A, na kimeng'enya RNase III huikata. Wakati huohuo RNAIII huruhusu kuundwa kwa sumu inayotoboa seli zetu. Amri ya kujificha imefutwa. Ya kushambulia imeanza.

Katika majaribio ya wanyama, bakteria huyu aliponyimwa kimeng'enya kingine, RNase Y, makali yake yalipungua. Jambo hilo lina uzito kwa wagonjwa wetu. Mwaka uleule wa 1961, Uingereza iliripoti Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, muda mfupi tu baada ya dawa hiyo kuanza kutumika. Tangu hapo usugu umeongezeka, na baadhi ya watafiti wanatafuta dawa za kumnyang'anya bakteria silaha badala ya kumuua tu. Utafiti wa namna hiyo huchukua miaka mingi, na serikali isiyougharimia leo haitakuwa na haki ya kulalamika kesho.

Siwasifu vijidudu, wala jamii ya watu si seli. Hata hivyo, ulinganisho unanisaidia kuiona kasoro yetu. Mwaka 1992 Tume ya Nyalali iliorodhesha sheria 40 kandamizi nchini Tanzania, baadhi zikiwa zimetungwa na mkoloni. Waliozitunga walikwisha kuondoka; maagizo yao yalibaki yakisubiri mtu wa kuyatumia. Ndivyo zilivyo pia nyaraka nyingi katika makabati ya ofisi zetu: dharura iliyozizaa imepita, lakini mwananchi bado anadaiwa muhuri.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa: kila mnapoandaa waraka, andikeni pia tarehe ya ukomo wake, na mtajeni afisa atakayewajibika kuufuta.